Kipimo na Kiasi

Stanmore ni kitongoji kilicho juu ya kilima, kaskazini-magharibi mwa London, mahali ambapo treni za njia ya Jubilee humaliza safari zake. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanapajua kwa sababu nyingine. Katika barabara ya Wood Lane ndipo kilipo kituo cha jumuiya ya Khoja Shia Ithna-asheri, ambayo wazee wake wengi walizaliwa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, wakasukumwa na matukio ya zama zao: mapinduzi ya 1964, utaifishaji wa majumba Tanzania mwaka 1971, amri ya Idi Amin ya 1972. Kiswahili chao hakijafa. Watoto na wajukuu wao wamekulia katika mtaa wenye neema, na miongoni mwa neema zinazoonekana mbele ya nyumba za Stanmore, za watu wa kila asili, ni magari ya kasi, yale ambayo wauzaji huyaita magari ya michezo.

Keti ndani ya mojawapo ya magari hayo, utazame dashibodi. Spidomita imeandikwa hadi maili 200 kwa saa. Nje ya geti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 30. Katika mitaa mingi ya London ni maili 20. Na hata ukitoka hadi barabara kuu ya M1, inayopita mashariki ya Stanmore, sheria haikuruhusu kuvuka maili 70. Kwa hiyo karibu theluthi mbili za duara lile ni nchi ambayo mshale hauna ruhusa ya kuingia. Mwenye gari ameilipia nchi hiyo, na ameilipia ghali. Anaitazama kila siku, wala haendi.

Ni rahisi kulicheka jambo hili na kuliita majivuno ya wenye nazo. Lakini swali lililomo ndani yake si la matajiri peke yao. Mtu afanye nini na uwezo anaouona kwa macho yake, ulio wake, ila hana haki ya kuutumia? Mwenye cheo anakutana na swali hili kila anapomkemea aliye chini yake. Mwenye ulimi mkali analikuta barazani, na mzazi analikuta pale mkono wake unapomzidi nguvu mtoto. Tofauti ni kwamba katika gari uwezo huo umeandikwa kwa tarakimu na kuwashiwa taa, na kwa hiyo unachunguzika.

Lugha yetu imetuachia maneno mawili ya kufanyia uchunguzi huu. Kipimo ni chombo, au namba ambayo chombo kimeitoa. Kiasi nacho ni namba, kwani sokoni twauliza "kiasi gani?", lakini vilevile ni tabia: mtu mwenye kiasi ni mtu anayejua pa kukomea. Neno moja limebeba hesabu na maadili, kana kwamba waliotutangulia waliona kuwa kuhesabu kusikomfikisha mtu kwenye kujizuia ni kazi iliyoachwa nusu. Nitauliza, basi, ni wakati gani kipimo humfikisha dereva kwenye kiasi, na ni wakati gani humtoa huko.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Gari la kawaida humpa dereva habari chache: mwendo, mafuta, joto la maji. Gari la kasi huongeza. Takomita huhesabu mizunguko ya injini kwa dakika na huonyesha mstari mwekundu ambao ukivukwa injini iko hatarini. Katika Porsche 911 takomita ndiyo inayokaa katikati, nayo ndiyo kubwa kuliko geji zote; spidomita imesogezwa pembeni, kana kwamba dereva anaambiwa ajue kwanza hali ya injini yake, ndipo ajue anakwenda mbio kiasi gani. Ipo geji ya joto la oili, ipo ya shinikizo la oili, na kwenye injini zenye tabochaja ipo ya shinikizo la hewa inayosukumwa ndani ya silinda na gurudumu dogo liwezalo kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Dereva anayejua kazi yake huvitumia vipimo hivi kwa namna tatu. Ya kwanza ni kusubiri. Injini ikiwashwa asubuhi ya baridi, maji hupata joto mapema, oili huchelewa. Oili baridi ni nzito, haipiti upesi mahali pembamba, na chuma kinachozungushwa kwa nguvu kabla oili haijawa tayari hulika. Asiyejua huona mshale wa maji umefika katikati, akakanyaga mafuta. Anayejua hutazama mshale wa oili, akaenda polepole dakika kadhaa zaidi. Katika BMW M5 iliyotoka mwaka 1998 wahandisi walilisaidia jambo hili kwa kupanga taa za rangi ya machungwa kando ya takomita: injini ikiwa baridi taa nyingi huwaka na kuushusha mpaka unaofaa, kisha huzimika moja baada ya moja kadiri oili inavyopata joto. Mstari mwekundu wa gari hilo haukai mahali pamoja. Hutegemea hali ya siku ile na saa ile.

Namna ya pili ni kutazama badiliko kuliko namba. Madereva wa zamani wa mashindano walikuwa na desturi ya kuzigeuza geji katika matundu yake ili mambo yakiwa salama mishale yote ielekee juu. Hapo hakuna haja ya kusoma. Mshale mmoja ukiinama, jicho hulipata kosa mara moja. Hekima ya desturi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa hupita mita 13 katika sekunde moja. Kila sekunde ambayo macho yako kwenye dashibodi ni mita 13 za barabara ambazo hakuna anayezitazama. Geji njema, kwa hiyo, ni ile inayodai macho kidogo kabisa. Inasema neno lake na kumrudisha dereva barabarani.

Namna ya tatu ni kuzilinganisha geji. Mshale wa shinikizo la oili ukishuka, habari hiyo peke yake haitoshi. Je, injini imetulia, au inazunguka kwa nguvu? Oili ina joto gani? Gari liko kwenye kona ndefu, ambako oili huweza kulalia upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa? Shinikizo dogo injini ikiwa imetulia na moto laweza kuwa jambo la kawaida. Shinikizo hilohilo injini ikiwa kwenye mizunguko mingi ni msiba. Geji moja ni uvumi. Geji tatu zikikubaliana ni ushahidi.

Hapa linazuka swali la ukweli. Twadhani geji ni shahidi asiye na upendeleo, kumbe spidomita husema uongo, tena kwa idhini ya sheria. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaikataza spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kuuzidisha hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda maili 30 kamili laweza kumwambia dereva kwamba anakwenda maili 35, na aliyelitengeneza asiwe na kosa. Sababu inaeleweka. Tairi huchakaa, upepo wake hupungua, na hakuna chombo kisicho na hitilafu. Kwa kuwa kosa halikwepeki, sheria imechagua lielekee upande wa usalama.

Uko uongo wa pili, usioamriwa na sheria. Geji nyingi za joto la maji katika magari ya siku hizi zimetengenezwa ili mshale utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa kiwango kikubwa, dereva asibabaike. Katika miaka ya tisini baadhi ya matoleo ya Mazda MX-5, gari dogo la wazi linalopendwa sana Uingereza, yalikuwa na geji ya shinikizo la oili ambayo kwa hakika ilikuwa swichi: shinikizo likivuka kiwango kidogo, mshale huruka hadi mahali pake na kukaa hapo, liwe limepanda au limeshuka. Na uko uongo wa tatu. M5 ya mwaka 2011 ilipewa mfumo wa kuupeleka mngurumo wa injini ndani ya gari kupitia spika, kwa kuwa tabochaja na vizuia sauti vilikuwa vimeupunguza ule wa asili. Sauti ya injini nayo ni kipimo; madereva wa zamani walibadili gia kwa kusikiliza.

Je, uongo huu wote ni sawa? Nadhani hapana, na njia ya kuutenga ni kuuliza nini hutokea dereva akiujua. Uongo wa geji ya kutuliza, ukijulikana, hufa. Ajuaye kwamba mshale wake wa oili ni swichi hana sababu ya kuutazama tena. Aliyekuwa akiutegemea alikuwa ameachwa peke yake bila kujua. Uongo wa sauti, ukijulikana, huendelea kuishi kwa sababu dereva mwenyewe anautaka. Ni mshirika katika kudanganywa kwake. Lakini uongo wa spidomita una jambo la pekee. Ukijulikana, unategemea kabisa tabia ya aliyeujua. Mmoja atasema, "Kumbe nimewekewa nafasi ya kukosea," akashukuru na kuenda vilevile. Mwingine atasema, "Kumbe 35 ni 30," akaongeza maili tano. Ni kama saa ya nyumbani iliyosogezwa mbele dakika kumi ili watu wasichelewe: baada ya mwezi kila mtu anaijua siri yake, na wachelewaji wanaondoka nyumbani dakika kumi baadaye. Huruma iliyowekwa ndani ya kipimo huliwa na yule asiye na kiasi. Chombo hakiwezi kuilinda.

Jambo hili, kwamba namba ya chombo haijawa maarifa mpaka iamuliwe na mtu, lilijifunzwa kwa gharama kubwa Stanmore penyewe. Mwaka 1936 jumba la Bentley Priory lilifanywa makao makuu ya kamandi ya ndege za kivita za Uingereza chini ya Hugh Dowding, na mwaka 1940 vita vya kuilinda anga ya nchi hiyo viliongozwa kutoka hapo. Vituo vya rada vya pwani vilituma kwa simu umbali na mwelekeo wa ndege za Ujerumani. Lakini vituo viwili viliweza kulitaja kundi moja la ndege kwa namna mbili zisizopatana, na idadi ilikuwa ya kukadiriwa. Kwa hiyo habari zote zilipitishwa kwanza katika chumba cha kuchuja, ambako wanawake wa jeshi la anga walizipanga juu ya meza ya ramani na maofisa wakaamua lipi liaminiwe. Tena rada zile zilitazama bahari. Ndege zikishavuka pwani, kazi iliachiwa watazamaji waliokuwa wamekaa mashambani na vilimani, wakitumia macho na masikio yao.

Kubwa zaidi kwa insha hii ni saa zilizotundikwa katika vyumba vya uongozaji. Uso wa saa hizo uligawanywa katika vipande vya dakika tano tano, vyekundu, vya manjano na vya buluu, na kila mshale uliowekwa mezani ulichukua rangi ya kipande ambacho mkono wa dakika ulikuwa umekifikia. Kwa kutazama rangi, ofisa alijua si tu kwamba adui alionekana mahali fulani, bali habari hiyo ilikuwa na umri gani. Walijua kwamba kila kipimo kinaeleza wakati uliopita. Ndivyo ilivyo hata kwenye gari. Geji ya joto la oili hueleza jambo lililokwisha kutokea. Mshale unapopanda, kilichoupandisha kimepita. Lexus walipotengeneza LFA waliacha mshale wa kawaida wa takomita wakatumia skrini, kwa maelezo kwamba injini ile ilipanda kutoka mizunguko ya kutulia hadi 9,000 kwa sehemu sita za kumi za sekunde, na mshale wa chuma usingeweza kuifuata. Walipunguza ucheleweshaji, hawakuuondoa. Dereva anayengoja geji imwambie aache, amechelewa tayari. Kiasi hutangulia kipimo.

Hata hivyo tumeingia zama ambazo vipimo havimwambii tena dereva hali ya gari lake tu, bali vinamwambia yeye ni nani. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ilikuja na skrini ambayo michoro yake ilisanifiwa na Polyphony Digital, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Gran Turismo. Skrini ile huonyesha shinikizo la tabochaja na joto la oili, na vilevile huonyesha nguvu inayomvuta dereva kwenye kona na anapofunga breki. Kwa fundi au kwa dereva aliye kwenye uwanja wa mashindano, hizo ni habari za manufaa. Kwa dereva aliye kwenye barabara ya mtaani, ni alama za mtihani. Ameona kona ya jana imempa alama fulani. Leo anataka kuipita. Mwaka 1975 mchumi Charles Goodhart, aliyekuwa akifanya kazi Benki Kuu ya Uingereza, aliandika juu ya vipimo vya fedha vinavyoharibika pale serikali inapovitumia kutawalia, na fikra yake hufupishwa siku hizi hivi: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, hakiwi tena kipimo kizuri. Wahenga waliligusa jambo hilohilo kwa upande wa chombo chenyewe: ngoma ikilia sana hupasuka. Lakini katika gari la kasi haipasuki ngoma peke yake.

Afrika Mashariki ina mfano bora wa vipimo vilivyobaki mahali pake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miongo mingi yalipita katika barabara za kawaida, zenye ng'ombe, mabasi, tope na watoto wa shule. Mwaka 1973 yalishindwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na ambaye familia yake ilikumbwa na amri ya 1972. Alikuwa akiendesha Datsun 240Z, gari la kasi la kweli. Yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawa za muda, na ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Alifariki London mwaka 2006.

Dashibodi ya 240Z, kama ilivyotoka kiwandani, ina geji tatu katikati zilizoinamishwa kumwelekea dereva: ya joto la maji pamoja na shinikizo la oili, ya umeme pamoja na mafuta, na ya tatu ni saa. Hakuna geji inayompa dereva sifa. Safari ilihesabu dakika za kuchelewa, na aliyelivunja gari hakuwa na dakika za kuhesabiwa. Kila mwaka magari mengi yalianza na machache yakafika. Mshindi hakuwa yule ambaye mshale wake uligusa namba ya juu zaidi. Alikuwa yule ambaye gari lake lilikuwa bado linakwenda. Mtu wa aina hiyo hutazama geji kama nahodha alivyoitazama bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Nahodha hakuitupa majini ili ajisifu kwa kina cha bahari. Aliitupa ili ajue asipite wapi. Na si bure kwamba Kiswahili kinaita jahazi chombo, kinaita kifaa cha kupimia chombo, na gari nalo kinaliita chombo cha moto. Vyote vitatu vimekusudiwa kufikisha.

Sasa tuseme yuko dereva mwenye maarifa haya yote. Anasubiri oili, anasoma mishale bila kukodoa macho, anajua spidomita yake inazidisha. Je, vipimo vimemwambia yote anayopaswa kujua? Hapana, na pengo lenyewe liko ndani ya spidomita. Namba zake zimepangwa kwa nafasi sawa: kutoka 20 hadi 30 mshale husogea hatua ileile inayosogea kutoka 10 hadi 20. Lakini nguvu ya gari linalokwenda haikui hivyo. Hukua kwa mraba wa mwendo. Gari lenye maili 30 lina nguvu mara mbili na robo ya lenye maili 20. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinaeleza kuwa gari la maili 20 huhitaji mita 12 kusimama, la maili 30 mita 23, la maili 70 mita 96. Hatua moja ndogo ya mshale karibu inazidisha maradufu ardhi ambayo aliye mbele ya gari hawezi kusimama juu yake salama. Spidomita haisemi uongo hapo. Inasema kweli kwa lugha isiyomjali anayevuka barabara. Hakuna geji ya anayevuka barabara. Duara la dashibodi limejaa hali ya aliye ndani; aliye nje hana mshale.

Ndiyo maana wapo wanaosema tuachane na geji, tumfunge dereva mikono. Kanuni za Kenya zinazokumbukwa kwa jina la waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliyataka matatu yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Umoja wa Ulaya umeyataka magari yote mapya, tangu Julai 2024, yawe na mfumo unaoutambua mwendo unaoruhusiwa na kumwonya dereva anayeuvuka. Sina hoja ya kuvipinga vifaa hivyo. Abiria wa matatu hana wajibu wa kungoja tabia ya dereva itengemae ndipo afike nyumbani salama. Lakini tutambue vinachokifanya. Geji humwambia mtu, kisha humwachia. Kidhibiti hakimwambii, kinamzuia. Cha kwanza kinamchukulia kuwa mtu wa kuaminiwa, cha pili kinamchukulia kuwa hatari ya kufungiwa. Jamii inaweza kuhitaji vyote viwili, ila isidhani kwamba aliyezuiwa amekuwa na kiasi. Ng'ombe aliyefungwa kambani hajaacha shamba la jirani kwa heshima.

Mtu atanijibu kwamba naandika kana kwamba kila mwenye gari la kasi ni muuaji, ilhali wengi wao ni watu watulivu wanaopenda ufundi mzuri, kama mwingine anavyopenda mlango wa nakshi au saa ya mkono iwezayo kuzama mita 300 ingawa haijavuka beseni. Hoja hii ni ya haki. Kupenda uwezo usiotumika si dhambi. Hata naona kuna uzuri katika kwenda maili 20 ndani ya gari liwezalo 200, ikiwa mwenyewe amechagua. Mtu anayekwenda polepole kwa sababu gari lake haliwezi zaidi hajajaribiwa; aliyejaaliwa nguvu akaishika mkononi ndiye tunayeweza kumsifu kwa upole. Lakini tutajuaje kwamba amechagua? Huenda anaogopa kamera iliyo mbele. Huenda kamera ikishapita, mshale nao utapita.

Naona jibu haliko kwenye spidomita. Liko kwenye ile geji ya joto la oili. Mwendo una mashahidi: kamera, polisi, jirani mlangoni. Oili haina shahidi. Hakuna sheria inayomwadhibu anayeikimbiza injini baridi. Hakuna faini, hakuna barua itakayokuja nyumbani, na madhara yenyewe hayataonekana ila baada ya miaka, pengine mikononi mwa mtu mwingine atakayelinunua gari. Dereva anayengoja mshale ule upande, asubuhi baada ya asubuhi, anafanya jambo ambalo hakuna atakayemshukuru kwalo. Anajizuia kwa ajili ya kitu kisichoweza kulalamika. Hicho ndicho kiasi katika umbo lake safi: nguvu ipo, nafasi ipo, shahidi hayupo, naye anangoja.

Basi tabia hiyo inawezekana. Madereva wa magari ya kasi wanayo, na wanafundishana. Ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayoelezwa mtu anaponunua gari la namna hiyo. Ndiyo sababu siwezi kukubali udhuru wa anayesema kwamba gari lenyewe linamvuta, kwamba nguvu ikiwepo lazima itumike. Amekwisha kutuonyesha kwamba anaweza kuizuia. Aliyengoja dakika kumi kwa kukionea huruma chuma anadaiwa jibu moja tu: kwa nini asingoje nusu dakika bibi kizee amalize kuvuka?